Mashine ya kukamua machungwa: tununue au tuache? Niliyoyaona njiani kutoka Masisi mpaka Walikale



Munakumbuka kikao chetu cha mwisho kabla ya likizo kubwa. Sanduku lilifunguliwa kwa funguo zake tatu, pesa zikahesabiwa mbele ya wote, na zikabaki kidogo juu ya zile za mikopo. Ndipo dada mmoja akatuonyesha picha kwenye simu: mashine ya chuma yenye mkono mrefu. Unakata chungwa katikati, unaweka nusu, unashusha mkono, maji yanaanguka katika kikombe. Haitaki umeme, haitaki mafuta. Muuzaji wa Goma anaitoa kwa dola 45.

Wengine walipiga makofi. Wengine walinyamaza, na sisi sote tunajua maana ya kunyamaza katika kikao cha wamama. Kwa kuwa nilikuwa naenda Walikale kwa harusi ya ndugu yangu, mulinituma: "Mama mwalimu, huko ndiko kwenye machungwa. Angalia, uliza, halafu uje utuambie." Nimerudi. Haya ndiyo niliyoyaona.

Tuanzie kwetu

Kabla ya kupanda pikipiki nilijiuliza swali moja rahisi: sisi wa Masisi tungekamua nini? Milima yetu inapita metre 2,000 katika fasi nyingi. Ni nchi ya ng'ombe, maharagi, viazi na mahindi. Ukitoka Sake ukapanda kwa Mushaki, ukapita Matanda, Katale na Lushebere, unaona majani ya malisho, mikaratusi, na vijana wanaoshusha viazi juu ya chukudu. Machungwa hayaonekani. Mchungwa unaopandwa kwenye baridi namna hii unakua polepole, na tunda lake ni dogo na chachu. Machungwa yanayouzwa sokoni kwetu yametoka chini, na kila mlima yaliyopanda umeongeza bei.

Tulicho nacho ni marakuja, pruni za Japon zile nyekundu zenye umbo la yai, na ndizi. Sasa sikilizeni vizuri. Ile mashine ya mkono imetengenezwa kwa tunda la kukatwa katikati: chungwa, ndimu, mandarini. Marakuja haikamuliwi hivyo. Marakuja unaipasua, unatoa mbegu na kijiko, unazipiga kwa mwiko na maji kidogo, unachuja. Pruni unaimwagia maji ya moto, unamenya, unaponda, unachuja. Kwa matunda hayo mawili mashine yenu ni chujio nzuri na mkono wenye nguvu.

Na ndizi? Wakubwa wetu walikuwa na mashine yao. Koko yangu alikuwa na mti uliochongwa kama mtumbwi. Ndizi za pombe zilifukiwa shimoni siku chache, zimefunikwa majani, mpaka ziive zote pamoja. Zikamenywa, zikatiwa katika ule mtumbwi pamoja na majani makavu ya porini, yale yanayokata vidole. Wakazikanda na kuzikanda. Kidogo kidogo maji yanajitenga, matamu na safi, na majani yanabaki yameshika uji wote. Hayo ndiyo mutobe. Ukitia unga wa mtama na kuacha, yanageuka kasiksi. Utoto wangu wote niliona kazi hiyo, na hakuna chuma hata kimoja kilichohitajika. Basi niliondoka nikijua kwamba kukamua si jambo geni kwetu.

Barabara ya kushuka

Kutoka Masisi-centre tulishuka kwa Loashi mpaka Nyabiondo. Ni safari ya pikipiki, na fasi nyingine ni safari ya miguu, maana kwenye tope mwendesha pikipiki anakuomba ushuke na wewe unasukuma pamoja naye. Baada ya Nyabiondo unasikia joto linakuja. Koti nililolivaa asubuhi nililifunga kiunoni. Ng'ombe wanapungua, migomba inaongezeka, kisha unaona mchikichi wa kwanza, kisha michikichi kumi. Kuelekea Kashebere na Kibua msitu unafunga njia pande zote mbili.

Tukumbuke ukubwa wa nchi hizi mbili. Masisi ina kilometre mraba 4,734. Walikale ina 23,475, ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, karibu mara tano ya kwetu. Kwetu watu wamebanana na shamba ni dogo. Kule unaweza kutembea nusu siku chini ya miti bila kukuta nyumba. Tunda likiiva katika nchi kama hiyo, halikosi mwenyewe tu. Linakosa njia.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Karibu na kila nyumba kulikuwa na mchungwa, na chini ya kila mchungwa kulikuwa na machungwa yaliyooza. Watoto wanayapiga kama mpira. Niliwafikiria wanafunzi wangu wa Masisi ambao wanagawana chungwa moja watu watatu, na roho iliniuma.

Nilipofika Walikale-centre, pale mto Lowa unapopita, niliuliza bei ya sukari kabla ya kuuliza bei ya kitu kingine. Iko juu kuliko kwetu. Sababu yake ni ya zamani: vitu vingi vya dukani vinafika kwa ndege au kwa barabara mbovu. Miaka ya 2000, wakati wa kasiterite ya Bisie, ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya lami pale Kilambo. Zinaleta sukari, sabuni na bia, zinarudi Goma zikiwa na mawe. Basi soda ya chupa kule si kinywaji cha mtu wa kawaida. Mahali ambapo soda ni ghali na machungwa yanaoza, mama mwenye akili anaona kazi.

Mashine yenyewe

Siku mbili baada ya harusi walinipeleka katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Mubi. Kuna kikundi cha wamama kule, wa sanduku kama sisi, na wako na mashine ile ile ya kwenye picha. Siku ya soko wanauza juisi kwa wasafiri na kwa vijana wa machimbo wanaopita.

Nilifanya kama ninavyofanya na wanafunzi: nilitaka kupima. Wamama walicheka lakini walikubali. Tulichukua machungwa 40 ya ukubwa mmoja, tukayagawa mafungu mawili ya 20. Mama mmoja mwenye mikono ya kukanda bugali akakamua fungu la kwanza kwa mkono mtupu. Mwingine akakamua la pili kwa mashine. Mimi nilishika simu kwa kuhesabu dakika, na chupa ya litre moja kwa kupima.

Kwa mkono: litre moja kamili, dakika 25. Kwa mashine: litre moja na robo, dakika 9.

Kwa hiyo mashine haidanganyi. Inaongeza robo litre kwa kila machungwa 20, nayo inaokoa dakika 16. Tena mama wa kwanza alimaliza vidole vikimuuma, maana chachu ya chungwa inaingia katika kila kidonda kidogo cha jembe.

Lakini niliona na ubaya wake. Mashine ikishushwa kwa nguvu sana inaponda mpaka ganda, na juisi inakuwa chungu. Lazima ujue kusimamisha mkono. Haifanyi chochote kwa nanasi, ambalo kule ni tele. Nanasi wanaliponda katika kinu na kulichuja. Na buloni inayoshika mkono ilikuwa imekatika mara moja. Bahati yao, kijijini kuna fundi anayetengeneza mashine za kukamua mawese. Alitoboa chuma kingine, akaweka. Mama mwenye kiti aliniambia: "Mama mwalimu, usinunue kitu ambacho fundi wa kwenu hajawahi kushika. Sisi tulinunua kwa sababu tuna fundi. Mashine bila fundi ni jiwe."

Hesabu ya ubao

Usiku ule nilifanya hesabu kwenye daftari. Nawawekea hapa ili kila mmoja aifuate na aikosoe.

Mashine ni dola 45. Siku ile dola moja ilikuwa franka 2,800. Mara 45, ni franka 126,000.

Kila machungwa 20, mashine inatupa robo litre zaidi ya mkono. Robo litre ni kikombe kimoja. Kikombe wanakiuza franka 500. Basi faida ya mashine yenyewe, tukiacha faida ya kazi yetu, ni franka 500 kwa kila machungwa 20.

Franka 126,000 ukigawa kwa 500 ni mara 252. Mara 252 za machungwa 20 ni machungwa 5,040.

Ndiyo, wamama: tunapaswa kukamua machungwa zaidi ya elfu tano kabla ya mashine kurudisha bei yake, na hapo sijahesabu sukari, makaa na vikombe. Wenzetu wa barabara ya Mubi wanakamua beseni nne au tano kila siku ya soko. Msimu mmoja unawatosha. Dakika wanazookoa nazo ni pesa, maana msafiri hangoji. Sisi hapa Masisi, elfu tano tutayatoa wapi? Tukiyanunua sokoni kwetu, chungwa lenyewe litakula faida yote kabla halijakatwa.

Swali basi halikuwa kama mashine ni nzuri. Mashine ni nzuri. Swali ni kama iko karibu na tunda.

Siku ya kukimbia

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji wa Goma halisemi, na sisi tunalijua kuliko yeye. Nilimuuliza mama mwenye kiti: "Na siku ya kukimbia?" Alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha nyuma ya nyumba, fasi ambapo udongo una rangi tofauti.

Waliizika. Siku waliposikia risasi upande wa mto, kila mama alishika mtoto, sufuria na godoro. Mashine ina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na mikono ni miwili tu. Waliifunga katika kipande cha bashi, wakaifukia, wakapanda muhogo juu yake. Walikaa porini karibu miezi miwili. Waliporudi, waliichimba, wakaikuta imeshika kutu. Wakaisugua kwa majivu na ndimu siku nzima, wakaipaka mafuta ya mawese, ikarudi kazini.

Alinisimulia hayo akicheka, lakini mimi sikucheka. Niliwaza sanduku letu. Mwaka uliopita, mama mwenzetu alipozidiwa na uchungu usiku, pesa ya pikipiki ya kumfikisha hospitali ilitoka wapi? Ilitoka katika mfuko wa msaada. Watoto waliporudishwa nyumbani kwa deni la masomo, ilitoka wapi? Pesa inabebeka katika kitambaa kiunoni. Chuma hakibebeki. Sisemi tusinunue kitu chochote kizito maisha yetu yote. Hao wamama walinunua, wakazika, wakachimba, na sasa wanakula jasho lao. Ninasema tu kwamba uzito wa kitu uhesabiwe pamoja na bei yake.

Watoto na maji

Nitakuwa sijatimiza kazi yangu nisiposema juu ya watoto, maana katika kikao wengi walisema, "Juisi ni afya ya watoto."

Ni kweli, na si kweli. Chungwa lina vitamini C, na vitamini hiyo inasaidia mwili kushika madini ya chuma yaliyomo katika maharagi na lengalenga. Mama mwenye mimba anayekula maharagi na chungwa pembeni anajisaidia damu yake. Lakini chungwa lenyewe linashinda juisi. Ukilikamua, unatupa nyuzi zinazosaidia tumbo, na unabaki na maji, vitamini na sukari yake. Halafu sisi tunaongeza sukari nyingine.

Mtoto chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu, bila maji, bila juisi. Kutoka miezi sita anaanza vyakula vingine huku akinyonya: mponde avoka, ndizi mbivu, papai. Kabla ya mwaka mmoja juisi haimfai. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitatu, nusu kikombe kwa siku inatosha, na akila tunda lenyewe ni bora zaidi. Mwenye meno na atafune.

Na maji. Tunaijua kolera katika mkoa wetu. Juisi inayoongezwa maji ya mto inaweza kuingiza ugonjwa katika nyumba kumi kwa beseni moja. Wale wamama wa barabara ya Mubi wana sheria nne, na niliziandika:

Kwanza, mikono na matunda yanaoshwa kabla ya kisu kugusa ganda, maana uchafu wa ganda unaingia ndani pamoja na kisu.

Pili, maji ya kuongeza yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, yapoe yakiwa yamefunikwa, katika chombo chao wenyewe.

Tatu, juisi isiyopashwa moto inauzwa na kwisha siku ile ile. Kwenye joto la Walikale, ya asubuhi inaanza kutoa povu jioni. Wanaotaka kuiweka kwa muda wanaipasha mpaka mvuke unapanda na vipovu vinaonekana pembeni, wanaimimina ingali moto katika chupa za vioo zilizochemshwa, wanafunga papo hapo. Vitamini inapungua kidogo, lakini juisi inadumu.

Nne, juisi hailali katika sufuria ya alumini. Chachu yake inakula sufuria. Inawekwa katika kioo au plastiki ya chakula.

Hakuna hata sheria moja kati ya hizo ambayo mashine inaifanya kwa niaba ya mama.

Nililowaletea

Niliporudi nilibeba machungwa 60 katika gunia. Yalifika 41, mengine yalipondeka pale nilipokuwa nasukuma pikipiki. Hiyo nayo ni hesabu.

Maoni yangu ni haya, na kikao ndicho kitakachoamua. Tusinunue mashine ya dola 45. Si kwa sababu tuko maskini mno, wala si kwa sababu wamama hawawezi kazi ya mashine. Ni kwa sababu tunda lake haliko kwetu. Kwa kazi tunayoiweza hapa, tununue chujio mbili nzuri, sufuria moja kubwa yenye kifuniko, na beseni ambazo hazitafanya kazi nyingine. Kwa marakuja na pruni zetu hivyo vinatosha, na sufuria itapika maharagi ya kilio na ya harusi pia. Anayetaka kukamua ndimu ya mtoto wake, kuna kile kikamulio kidogo cha plastiki cha kuzungusha kwa mkono. Bei yake haihitaji kikao, na kikivunjika hakuna anayelia.

Na kwa dada aliyeleta picha: wazo lako halikupotea. Wale wamama wa Walikale wana machungwa na mawese, wanakosa maharagi, viazi na maziwa ya kuganda ya kwetu. Waliniuliza kama tunaweza kuwatumia maharagi, nao watutumie juisi iliyopashwa moto na kufungwa katika chupa, ambayo haipondeki njiani kama chungwa. Nimeleta namba ya simu ya mama mwenye kiti wao. Iko katika daftari la mwandishi wetu. Siku njia ikiwa nzuri tunaweza kujaribu gunia moja. Likifika salama, tutajua la kufanya na la pili.

Kila mmoja aje katika kikao na jibu lake. Machungwa 41 yameshagawanywa kwa watoto wa kalasi yangu, mtoto mmoja chungwa moja zima. Waliyala mpaka ganda jeupe la ndani, na hakuna aliyeuliza kama kuna mashine.

Mwalimu wenu.